Wakwe wa Ng'ombe Wetu

Kila nikipita mnadani Bariadi siwezi kujizuia, lazima nishike masikio ya ng'ombe. Sina nia ya kununua, nimekwenda tu kutafuta nyama au kumsindikiza mtu, lakini mkono unanitoka wenyewe. Siku hizi ng'ombe wamevalishwa hereni za plastiki zenye namba. Wanunuzi wanatazama hereni, wanakagua meno, wanapapasa nundu, na mimi nasogeza hereni pembeni nione kisu kiliacha alama gani chini yake. Juzi kijana mmoja akanicheka mbele za watu: "Mama, unanunua ng'ombe au unanunua sikio?" Nikamwambia nanunua sikio, ng'ombe abaki naye. Wenzake wakaangua kicheko na mimi nikacheka nao. Nilipofika kwenye bodaboda ya kunirudisha nyumbani ndipo nikajikuta nafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Nilikuwa nimeona sikio la kushoto lililokatwa kama mkia wa mbayuwayu. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya Baba. Najua hakuwa ng'ombe wake. Baba tumemzika, na alama kama ile mtu mwingine yeyote anaweza kuikata. Lakini nilisimama pale nimelishika lile sikio lenye joto, nikawa tena mtoto wa kutumwa kushika ndama, mtoto ambaye Baba alimbandika jina la Maswali kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo.

Mwaka ule Mama alianza kukonda na kunywa maji mengi mno. Alikuwa akimaliza mtungi kabla maji hayajapoa, akaweka wa pili. Wakampeleka mjini, wakarudi na neno jipya, kwamba Mama ana ugonjwa wa sukari. Jamani, neno lile lilinisumbua! Nyumbani kwetu sukari ilikuwa kitu cha Krismasi. Chai tulikunywa bila sukari, kwa michembe, vile vipande vya viazi vikavu vilivyochemshwa, na hatukuona shida. Sasa Mama aliipata wapi sukari ya kumuumiza? Nikamshuku kwamba alikuwa akiila peke yake tukilala. Nilikagua chungu kimoja kimoja, nikalamba hadi mfuniko wa kopo la chumvi, na sikupata kitu.

Dawa yenyewe ilikuja kwenye chupa ndogo ambayo ningeweza kuificha kwenye ngumi. Haikutakiwa kupata joto, na joto la kwetu mnalijua. Baba akatafuta chungu kidogo, akakizika nusu kwenye beseni la mchanga uliolowa, akakiweka chini ya ghala ambako jua halifiki. Kazi yangu ikawa kuulowesha ule mchanga asubuhi na jioni. Harufu ya mchanga ule uliolowa ndani ya kivuli ninayo puani hadi leo. Kila asubuhi Mama alifunua paja, akajichoma mwenyewe, kisha akanywa uji. Mimi nilikaa mbele yake nimekodoa macho.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Inauma kidogo."

"Utaacha lini?"

"Siachi, ng'wanone. Hii ni ya siku zote."

Hilo la siku zote halikuniingia kichwani. Ugonjwa nilioujua mimi ni malaria: unatetemeka, unakunywa dawa chungu, unatapika, unaamka unadai ugali. Ugonjwa wa kukaa na mtu kama mume na mke nilikuwa sijauona. Ila Mama mwenyewe aliuelewa mapema. Siku ya kwanza aliyojichoma nilimsikia akimwambia Baba maneno ambayo niliyaogopa bila kujua kwa nini. Alisema, "Baba Nyamizi, nisikilize. Siku nitakayoona nalimaliza zizi la watoto wangu, nitaiacha hii sindano. Sitanunuliwa uhai kwa ng'ombe wao." Nyamizi ni dada yangu mkubwa. Baba alichukua fimbo yake, akaenda kusimama zizini.

Mtu wa kwetu akisema zizi la watoto, anamaanisha kila kitu. Ng'ombe ni ada, ni jembe, ni mahari ya mtoto wa kiume na heshima ya binti, ni mbolea, ni mboga. Na kwa sababu hiyo si adabu kumuuliza mtu zizi lake lina ng'ombe wangapi. Utapita, utasalimia, utasema ng'ombe wamependeza, basi. Ukiuliza idadi umemvua mwenzako nguo.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Meneja, dume la kulimia. Tulimwita hivyo kwa sababu alipenda kusimama katikati ya shamba akitazama wenzake wakifanya kazi. Baba alimswaga alfajiri kwenda mnadani, akalala huko, akarudi kesho yake jioni na chupa za dawa ndani ya kitambaa kibichi. Na mbele yake, amini usiamini, alikuwa anaswaga mtamba mwekundu mwenye macho ya upole.

"Nimeuza dume nimenunua jike," alisema akitabasamu meno yote nje. "Na chenji imetosha dawa ya Mama yenu. Mnaonaje biashara hiyo?"

Tuliona ni biashara kubwa. Nilirukaruka. Yule mtamba tulimwita Bahati. Tangu siku hiyo nikawa na imani yangu kwamba mnadani kuna watu wajinga sana, unawapelekea ng'ombe wanakupa ng'ombe mwingine na dawa juu yake. Nilimuuliza Baba kwa nini watu wote wenye wagonjwa hawaendi huko. Akasema hawajui kupatana bei.

Alijua kupatana kweli, maana kila dawa ilipokaribia kwisha aliondoka na ng'ombe, na kila mara alirudi na dawa na ng'ombe mwingine. Ni kweli siku hizo alilima kwa jembe la mkono, na nilipouliza, alisema plau haifiki kwenye kona. Ni kweli shamba la pamba lilipungua, maana siku ya kumpeleka Mama kliniki ilimeza kutwa nzima na siku ya pili yake Baba hakuwa na mgongo wa kupalilia. Ni kweli Nyamizi aliacha kwenda shule, akawa anapika na kuchota maji, na daftari zake nikarithi mimi nikachora ng'ombe kwenye kurasa zilizobaki. Niliyaona yote hayo. Sikuyaunganisha kabisa, kwa sababu zizi lilikuwa limejaa, na kwangu nyumba yenye zizi lililojaa haikuwa na tatizo.

Kilichonikera ni masikio. Mimi ndiye niliyekuwa nashika ndama Mama akikamua, kwa hiyo uso wangu na uso wa ng'ombe vilikuwa karibu. Bahati hakuwa na mkia wa mbayuwayu. Alikuwa na kitobo pembeni mwa sikio la kulia. Aliyemfuata alikatwa ncha, kama mtu aliyeng'ata kipande cha chapati. Nikamwambia Baba, "Hawa wageni hujawakata alama yetu."

"Wataumia," akasema.

"Mbona ndama wa Mbula ulimkata?"

"Maswali, hebu kalete maji."

Mbula ni mvua kwa Kisukuma. Alikuwa ng'ombe mweupe wa kijivu, aliyezaliwa kwetu siku ambayo anga ilifunguka baada ya kiangazi kirefu, na sikio lake lilikuwa na mkia wa mbayuwayu safi. Nilikuwa nampenda kuliko wote, na yeye alinipenda kwa namna yake ya kunilamba shingo hadi ngozi inawasha.

Kisha wakaanza kuja wageni. Wa kwanza alikuwa mzee wa kijiji cha Kasoli, alikuja na baiskeli, kofia amelaza upande. Alimsalimia Mama, mwangaluka, akajibiwa, akaulizia mvua na pamba, halafu akaenda na Baba zizini moja kwa moja hadi kwa Bahati. Akampapasa mgongo. Akamtazama kwato.

"Anakula?"

"Anakula vizuri," Baba akajibu.

"Hajaugua?"

"Hajaugua. Ana mimba sasa."

Mzee akafurahi hadi akapiga makofi. Mama akamletea maziwa kwenye kikombe kikubwa cha bati, akanywa, akashukuru, wabeja, akapanda baiskeli yake. Wengine wote zizini hakuwatupia hata jicho.

"Baba, yule amekuja kufanya nini?"

"Kumtazama Bahati."

"Kwa nini?"

Baba alifikiri kidogo. "Anamkumbuka."

Baadaye akaja mwingine kutoka Kiloleli, mtu mrefu aliyejaa vumbi la safari hadi kwenye kope, naye akaenda moja kwa moja kwa yule wa sikio lililong'atwa. Naye akauliza kama anakula. Naye akapewa maziwa. Na wa tatu vilevile.

Hapo nikapata jibu, na nilijivunia mno kulipata mwenyewe. Msimu uleule binamu yangu Holo alikuwa ameolewa kijiji cha pili, na nilikuwa nimefuatana na wakubwa kwenda kumtazama. Wazee wetu waliulizia hayohayo, anakula, hajaugua, kisha wakafurahi kusikia ana mimba, wakapewa maziwa, wakaaga. Sasa kama ng'ombe ndiye anayelipwa mahari, kwa nini na yeye asiwe na kwao? Kumbe ng'ombe akihamia kwa watu wengine ni kama ameolewa! Ndugu zake wanamkumbuka, wanakuja kuona kama anatunzwa. Na zile alama za masikio ni ukoo wake, ndiyo maana Baba hazigusi, maana mwanamke akiolewa habadilishi ukoo. Kila kitu kilikaa sawa. Nikaanza kuwaita wale wageni wakwe, kimoyomoyo, na wakija nilijifuta miguu kwa heshima.

Lililobaki kunitatiza ni Mbula, maana hakuna aliyekuja kumtazama. Wenziwe wa ukoo wake walikuwa wameondoka mmoja mmoja, wamebadilishwa, na yeye alisimama pembeni akicheua kama binti asiye na kwao. Nilimwonea huruma, nikawa namwibia chumvi.

Halafu ikafika kliniki moja ambayo Mama aliporudi aliketi kimya muda mrefu akipanga michembe kwenye ungo, kipande kwa kipande. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba mtu asiyeweza gharama anaweza kupata barua ya mtendaji wa kijiji, akaipeleka hospitali, wakamsamehe kile wanachoweza kumsamehe. Baba akasema sisi si watu wa barua. Mama hakubishana. Ila kesho yake alimtuma Nyamizi kwa mtendaji, bila kumwambia Baba. Nilishangaa. Mwenye zizi kama letu anaombaje msamaha?

Mtendaji wetu alikuwa mtu wa kuja, ameletwa na kazi kutoka mikoa ya milimani, kijana mwenye shati la kuchomekea. Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Alifika na pikipiki saa ambayo ng'ombe wanaingia zizini, vumbi limetanda, wanapigana pembe mlangoni. Mama alikuwa mlangoni pa nyumba na ungo wake. Baba alipoambiwa alichokuja kufanya, alimtazama Mama, Mama akatazama michembe.

"Mzee wangu," mtendaji akasema, na alisema kwa upole, simlaumu, "mimi niandike kwamba huyu hana uwezo? Kwa zizi hili? Kesho wananchi watanipiga mawe. Hebu niambie, una ng'ombe wangapi?"

Akauliza hivyohivyo, waziwazi, mke na watoto wanasikia. Baba aligeuka akamtazama tena Mama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyebanwa mlangoni. Sasa naelewa. Kama angesema ukweli, Mama angesikia, na Mama alikwisha kuapa kuiacha sindano. Kama angenyamaza, barua hakuna, na Mbula ndiye wa mwisho. Baada ya Mbula kusingekuwa na cha kupeleka mnadani wala dawa ya kuweka kwenye chungu changu cha mchanga.

"Mwambie mtendaji, Baba Nyamizi," Mama akasema taratibu. "Mwambie tu."

Na mimi, nikiona mtu mzima kaulizwa swali jepesi linamshinda, nikasogea kumsaidia. Masikio yale niliyajua kuliko mtu yeyote pale.

"Mimi najua!" nikasema. "Huyu mwekundu kwao Kasoli. Mzee wake huwa anakuja kumtazama na baiskeli. Yule aliyeng'atwa sikio, kwao ni Kiloleli, juzi mkwe alikuja akapewa maziwa. Yule pale naye ana mtu wake. Na yule, na yule. Mbula tu na ndama wake ndio hawana mtu wa kuwatazama."

Mtendaji aliinama akanitazama. "Hebu rudia. Wanakuja kutazama nini?"

"Kama wanatunzwa! Wanauliza kama wanakula."

Nilirudia yote, na vitobo na ncha zilizokatwa, nikimvuta mkono nimwonyeshe. Kijana yule hakujua desturi za kwetu, lakini hakuwa mjinga. Alitembea nami hadi katikati ya zizi na viatu vyake vya ofisini, akashika sikio la Bahati, akashika la mwingine, akaja akashika la Mbula. Kisha akasimama akifuta mikono kwa karatasi, hajui amtazame nani. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Majirani, sasa naamini, walikuwa wakijua siku zote kwamba ng'ombe wale walikuwa wa watu, wamewekwa kwetu watunzwe, sisi tukinywa maziwa na kupata samadi na wenyewe wakibaki na ng'ombe na ndama wao. Mwenye ng'ombe wengi huwaweka kwa wenzake, ni kawaida. Ila Baba aliwatafuta mbali, kwa watu wa vijiji vingine, akawaingiza mmoja kila alipotoa mmoja, akasema amenunua. Kila pengo alilotoboa alilijaza, ili mtu mmoja tu asilione.

"Njoo kesho ofisini, mzee," mtendaji akasema. "Nitaandika." Akawasha pikipiki yake, akaondoka.

Jioni ile Baba hakula. Nilijua nimesema kitu kikubwa, ila sikujua kipi, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Nilimuuliza Nyamizi, akaniambia ninyamaze, akanikumbatia, nikazidi kuchanganyikiwa.

Barua ilipatikana, nitangulize kusema hivyo. Haikumaliza mambo. Kuna siku hospitali haikuwa na dawa na tukanunua, kuna nauli, kuna kutwa zilizopotea kwenye benchi, na Nyamizi hakurudi shule, na hilo hadi leo tukikaa wawili tunalikwepa. Lakini Mbula hakwenda mnadani, na Mama aliendelea kufunua paja lake kila asubuhi kwa miaka mingi, hadi akawapakata wajukuu.

Ila ninalolikumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata. Mama alikuwa amechuchumaa akikamua, kibuyu kati ya magoti, mimi nimeshika ndama. Baba alikuja akasimama nyuma yake. Hakuwa na fimbo, na mikono yake ilikuwa haina pa kukaa.

"Mama Nyamizi," akasema. "Nilikudanganya. Wamekwisha. Usiiache sindano, nakuomba."

Mama hakuacha kukamua. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya kibuyu.

"Nani anakamua ng'ombe hawa?" akauliza.

"Wewe."

"Kwa hiyo ulidhani mikono yangu haiwajui ng'ombe wangu? Nimejua tangu Bahati. Wale wazee wako niliwapa maziwa kwa mkono wangu huu."

Baba akapiga magoti pale kwenye samadi. "Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unarudi umechoka na bado unacheka," Mama akasema. "Nikasema, nikimnyang'anya na hicho kicheko atabaki na nini? Na niliapa nikiona zizi limeisha nitaacha. Basi nikaona bora nisione."

Nilimwona Baba akilia, na sikuwa najua kwamba baba wa mtu analia. Niliogopa hadi nikamwachia ndama. Na nikiogopa, mimi nauliza, ndivyo nilivyoumbwa.

"Baba," nikasema, "Mbula naye kwao ni wapi? Nani atakuja kumtazama?"

Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Kwao ni hapa, Maswali," akasema. "Wa kumtazama ni sisi."

Akanyanyuka, akamwinua Mama, wakaenda hadi pembeni aliposimama Mbula, na mimi nyuma yao nikijifuta miguu. Baba akampapasa mgongo, akatazama kwato. "Anakula?" akauliza, na Mama akajibu anakula vizuri. "Hajaugua?" Hajaugua. Kisha Mama akamimina maziwa kwenye kile kikombe kikubwa cha bati, akampa Baba kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkwe aliyetoka mbali.